Mawakala wanaowanyonya walimu wa kigeni wachunguzwe

Mwalimu wa kigeni anayetaka kufundisha jijini Nairobi sharti awe na hati mbili kabla ya kushika chaki. Ya kwanza ni kibali cha kazi kutoka Idara ya Uhamiaji, Nyayo House. Ya pili ni usajili wa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, ambao sheria ya 2012 inamtaka kila mwalimu awe nao. Masharti hayo si ya uonevu. Nchi yenye maelfu ya walimu waliohitimu na wasio na ajira haina budi kumuuliza mgeni amekuja kufundisha nini. Linalotia uchungu ni mawakala waliojipenyeza kati ya mwalimu na hati hizo, wakala jasho lake, kisha wakamwacha mikononi mwa polisi.

Chukua mfano wa walimu wa Kifaransa. Mitaa ya magharibi mwa jiji, hasa Kawangware, Riruta na Kabiria, imewapokea wakimbizi wengi wa Kongo na Burundi. Miongoni mwao wamo waliofundisha shule za sekondari huko Bukavu, Uvira na Goma, watu ambao Kifaransa ndiyo lugha waliyosomea. Mwendo mfupi tu kutoka Kawangware, ukivuka kuingia Lavington, zipo shule za kibinafsi zinazohitaji walimu wa lugha hiyo. Hawa wana ujuzi, wale wana haja nao, na katikati yao amesimama mtu mwenye ofisi ya chumba kimoja ghorofani River Road, muhuri na kitabu cha risiti.

Mkimbizi anayetambuliwa na serikali ana njia yake chini ya Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011. Ni kibali cha daraja la M, nacho hakitozwi ada. Kinachotakiwa ni barua ya mwajiri, ya idara inayosimamia masuala ya wakimbizi, pamoja na hati zake za utambulisho. Lakini ni wangapi walioambiwa hivyo? Wakala humweleza kwamba kibali kina gharama kubwa, ila kwa hisani yake atailipa kwa awamu. Humkata pia mshahara wa mwezi wa kwanza kwa kumwonyesha shule. Shahada yake halisi hubaki katika saraka ya wakala, eti kwa usalama.

Mimi ni mtu wa isimu, na katika visa hivi sikio langu limenasa neno moja: "inashughulikiwa." Kauli ya kutendwa ina manufaa yake, kwani humruhusu msemaji asimtaje mtenda. Inashughulikiwa na nani? Tangu lini? Nambari ya faili ni ipi? Muhula hupita, wa pili ukafuata, na mwalimu akisisitiza sana huambiwa kwamba afisa yuko likizoni au mitambo imekwama.

Asiye mkimbizi, kama mgeni anayefundisha hisabati, kwa kawaida huhitaji kibali cha daraja la D. Hicho hutolewa kwa kazi mahsusi na kwa mwajiri mahsusi, kwa hiyo mwalimu akihama shule, kibali hakihami naye. Mwenye shule mjanja analijua hilo. Humtumikisha mwalimu kwa nusu ya mshahara huku "akingojea kibali", akiwa na yakini kwamba hatathubutu kushtaki. Sheria inayomfanya mwajiri kuwa mkosaji humfanya mwalimu kuwa mkosaji pia, ila mmoja ana wakili na pesa za faini, na mwingine ana sanduku lake tu.

Mnamo 2018, waziri wa usalama wa wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, aliwapa wageni siku 60 wapeleke vibali vyao vikaguliwe. Foleni ilipangwa Nyayo House. Waliosimama humo ni wageni waliobeba vibali, waliowauzia hawakuitwa.

Nasi hatuna haki ya kusema hatuujui uchungu huu. Twawalaani kila siku mawakala wanaowahadaa vijana wetu wanaokwenda Saudi Arabia. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza, walimu kutoka Kenya walikwenda kutafuta kazi huko. Na katika miaka ya 1970, Waganda waliomkimbia Idi Amin walifundisha katika shule zetu nyingi za upili. Wapo wakubwa wa leo waliofunzwa nao.

Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, ina wajibu wa kusajili mawakala. Jicho lake lisiishie uwanja wa ndege, lifike na River Road. Idara ya Uhamiaji nayo ibandike tangazo mlangoni, kwa Kiswahili na Kifaransa, kwamba kibali cha mkimbizi hakina ada. Kiswahili ni lugha rasmi tangu katiba ya 2010, na Wakongo wa Kivu wanakijua, japo kwa lafudhi yao. La muhimu zaidi, mwalimu anayejitokeza na risiti mkononi kumripoti wakala apewe pasi maalumu ya muda hadi uchunguzi ukamilike, badala ya kutiwa seli yeye kwanza.