Mkono wa polisi ukomee wapi?

Mwaka 1989, mjini Minneapolis, Marekani, polisi alimsimamisha mwanamume aliyetoka kwenye jengo lililojulikana kwa biashara ya dawa za kulevya, akampiga sachi. Silaha hakuikuta. Kwenye mfuko wa koti la nailoni vidole vyake viligusa kidonge. Akakibinya, akakitelezesha huku na huku hadi akaridhika kwamba ni kokeini, ndipo akakitoa. Ilikuwa kokeini kweli, gramu 0.2. Mwaka 1993 Mahakama ya Juu iliukataa ushahidi huo: polisi angeweza kuchukua kitu kilichojidhihirisha kuwa haramu alipokigusa tu, lakini huyu aliendelea kubinya akijua fika kwamba si silaha. Wengi waliona mzaha: haramu ipo, mwenyewe yupo, aponee vidoleni? Naona majaji walipatia. Ruhusa ya kumpapasa mtu bila hati, iliyotolewa na mahakama hiyohiyo mwaka 1968, ilikuwa na sababu moja: askari mwenye shaka anayoweza kuieleza asije akapigwa risasi. Hofu hiyo ikishaisha, ruhusa nayo imeisha. Tukisema kilichopatikana ndicho kinachohalalisha upekuzi, basi kila upekuzi uliozaa kitu utakuwa halali, na ule usiozaa kitu hakimu hatausikia kamwe.

Hao wanaopekuliwa bure, wasiosikika, si wachache. Kesi iliyoamuliwa New York mwaka 2013 ilionyesha kwamba kati ya 2004 na katikati ya 2012 polisi wa jiji hilo walisimamisha watu zaidi ya mara milioni 4.4. Zaidi ya nusu walipapaswa. Silaha ilipatikana kwa asilimia 1.5 tu ya waliopapaswa. Tulionywa kwamba askari wakibanwa, wahalifu watatamba. Usimamishaji ulishuka kutoka zaidi ya 685,000 mwaka 2011 hadi chini ya 25,000 mwaka 2015, na mauaji nayo yakapungua. Sisemi moja lilisababisha jingine. Nasema utabiri haukutimia.

Hoja nzito zaidi ya wanaopinga ni hii: mwadhibuni askari, ushahidi uacheni. Lakini nani atamlipa wakili kwa fedheha ya dakika tatu? Swali hilo lipo Kenya pia: Katiba ya 2010, katika ibara ya 31, inalinda mwili na mali dhidi ya upekuzi, ila ibara ya 50(4) inataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki ukataliwe pale tu unapoifanya kesi isiwe ya haki au unapodhuru utoaji wa haki. Hapo hakimu ana nafasi pana mno. Akiletewa msokoto wa bangi, aanze kwa kumuuliza askari alikuwa na shaka gani kabla hajaingiza mkono mfukoni.