Damu Hupimwa Kwanza, na Mfumo wa Hospitali Je?

Hakuna muuguzi anayemtundikia mgonjwa mfuko wa damu kwa kuamini tu kundi lililoandikwa juu yake. Kwanza maabara huchanganya damu ya mchangiaji na ya mgonjwa ndani ya kichupa. Zisipopatana, madhara huonekana humo, si ndani ya mshipa wa mtu. Utaratibu huo hauna budi kuhamishiwa kwenye kompyuta zinazotunza kumbukumbu za wagonjwa, kila zinapotaka kuwekewa toleo jipya la programu.

Usajili, malipo, majibu ya maabara na utoaji wa dawa sasa hupita ndani ya mfumo mmoja. Mama aliyeshuka kutoka Kinole au Nyandira wakati wa masika, kwa nauli ya bodaboda iliyotokana na mkungu wa ndizi au gunia la mboga, hufika mjini Morogoro na kuambiwa dirishani kwamba mfumo haufanyi kazi. Huo ni usumbufu mkubwa, lakini angalau unaonekana. Hatari zaidi ni mfumo unaoendelea kufanya kazi huku ukikosea: miligramu zikasomeka kama mililita, siku na mwezi vikabadilishana nafasi katika tarehe ya kuzaliwa, au alama ya mzio wa penisilini ikatoweka kwenye ukurasa wa daktari. Makosa ya namna hiyo hayapigi kengele.

Wapo wanaoona heri kutogusa chochote. Uingereza iliwahi kulipa gharama ya kuchelewa huko. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kiliathiri taasisi 80 kati ya 236 za huduma za hospitali nchini England, ilhali kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi. Kosa la upande wa pili lilidhihirika tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho lenye hitilafu la kampuni ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani, zikiwamo za hospitali. Kusasisha ni lazima. Kusasisha bila kujaribu ni kumfanya mgonjwa kuwa kichupa cha maabara.

Mfano wa karibu ni DHIS2, programu inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Tanzania huitumia kukusanya takwimu za MTUHA. Mwongozo wake unasema wazi kwamba kanzidata ikishapandishwa kwenye toleo jipya haiwezi kurudishwa kwenye la zamani. Njia pekee ya kurudi ni nakala rudufu, na nakala ambayo haijawahi kufunguliwa na kuonekana inafanya kazi ni matumaini tu.

Mazingira ya majaribio, basi, ni seva ya pembeni inayopokea nakala hiyo, ikawekewa toleo jipya na kutumiwa kama siku ya kawaida ya kazi. Kituo kidogo chenye mfumo wake chaweza kuanza na kompyuta moja ya ziada. Majina na namba za simu za wagonjwa yafutwe au yabadilishwe kwanza: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haikomi kwenye mlango wa chumba cha TEHAMA.

Swali zito ni nani ajaribu, na wapi. Fundi huridhika programu ikifunguka. Mfamasia ndiye atakayegundua kwamba dozi ya mtoto wa kilo nane haikubaliki. Aidha, jaribio lililofanyika ofisini Dodoma kwenye mtandao wa kasi halisemi lolote kuhusu zahanati ya mlimani Uluguru, ambako umeme hukatika katikati ya kuhifadhi taarifa na mtandao hutafutwa dirishani. Wanaopanga matoleo ya mifumo ya kitaifa wangefanya vyema kuiweka zahanati ya aina hiyo katika orodha ya majaribio, kabla ya hospitali kubwa.

Siku ya mabadiliko yenyewe isiwe Jumatatu asubuhi, wala siku za kufunga ripoti za mwezi. Rejista za karatasi ziwe mezani, na mtu mmoja apewe mamlaka ya kutamka kwamba kazi isitishwe na toleo la zamani lirejeshwe. Mgonjwa naye, aelezwe mapema siku hiyo ni ipi, aje na kadi yake ya kliniki na paketi za dawa anazotumia.