Antivirusi ya kuuziwa: wakaaji wa Bunia wanalipia kitu ambacho mashini zao ziko nacho tayari

Mjini Bunia, mtu akinunua mashini ya okazyo, fundi anamuuliza kwanza: "Iko na antivirusi?" Akijibu hapana, ao akinyamaza, biashara imeanza. Fundi anatoa flashi mfukoni, anaweka programu yenye jina kubwa, anaingiza ufunguo wa wizi aliouchota kwenye intaneti, alama ya kijani inatokea chini ya ekrani, na dola zinatoka. Mwenye mashini anarudi nyumbani akiamini kwamba amefunga mlango.

Hajafunga kitu. Mara nyingi ndiyo kwanza ameufungua.

Jambo hili haliwahusu wenye pesa peke yao. Familia nyingi zilizokimbia vita huko Djugu na Irumu zilitoka na nguo za mwilini. Nyumba zikaungua, na biltini za watoto zikaungua nazo. Kile kilichobaki kiko ndani ya flashi moja, ao ndani ya mashini ya mtoto anayesoma chuo: picha ya kadi ya uchaguzi, ambayo katika Kongo ndiyo kitambulisho cha watu wengi, diplome ya serikali iliyopigwa skana, karatasi ya shamba, picha ya mzee aliyefariki na ambaye kaburi lake hakuna anayeweza kulifikia leo. Familia ya namna hiyo ikipoteza flashi, haina ofisi ya kurudi kuomba nakala. Ofisi yenyewe ilikimbia.

Sasa, mafundi wengi hawasemi hili: tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kampuni ya Microsoft inaweka antivirusi yake ndani ya Windows. Inaitwa Defender. Ni bure, inajiwasha yenyewe, na iko ndani ya Windows 10 na 11 pia. Mtu mwenye mashini ya namna hiyo tayari iko na antivirusi kabla hata fundi hajakaa kwenye kiti.

Ubaya unazidi pale fundi anapoweka ile ya wizi. Ili ule ufunguo ukubalike, mara nyingi anazima Defender kwanza, juu Defender inalalamika kwamba programu ile ni ya hatari. Na Defender haikosei: kuficha virusi ndani ya programu za kuvunjia ufunguo ni mtego wa siku nyingi. Ni sawa na kumfukuza mlinzi juu amemkatalia mwizi kuingia. Isitoshe, ufunguo wa wizi ukigunduliwa na kampuni, programu inaacha kupokea orodha ya virusi vipya. Mwaka mzima inakaa pale ikitafuta virusi vya mwaka jana.

Mafundi wako na jibu lao, na si jibu la kutupa. Wanasema Defender haina nguvu, na kwamba ile ya kulipa ndiyo bora. Miaka ya mwanzo walikuwa na haki, Defender ilikuwa nyuma ya wenzake. Lakini kwa miaka kadhaa sasa, AV-TEST, maabara ya Ujerumani inayopima programu hizi, inaipa Defender alama za juu pamoja na zile za kulipa. Ofisi yenye mashini makumi na feza za watu inaweza kununua ulinzi wa kulipa kwa njia halali, hakuna ubaya. Familia yenye mashini moja haina sababu. Na kile fundi anachouza si ile ya kulipa. Ni kivuli chake.

Turudi kwenye flashi, maana Bunia virusi vinapita hapo kuliko mahali pengine pote. Mama anaenda sekretariati kuchapisha barua ya kuomba kazi. Flashi inaingia kwenye mashini ambayo tangu asubuhi imepokea flashi za watu wengi. Jioni, mtoto anaifungua nyumbani: dosye zote zimegeuka alama ndogo zenye mshale. Mama anaambiwa: "Virusi vimekula kila kitu, tuformate." Anakubali huku analia.

Hapo ndipo kosa kubwa linafanyika, kwa sababu virusi vya mshale havili kitu. Vinachukua dosye na kuzificha palepale ndani ya flashi, kisha vinaweka mshale wenye jina lilelile. Mtu akibonyeza mshale, virusi vinaamka, na dosye inafunguka pia, ndiyo maana hashtuki. Karatasi zake zote ziko hai. Anayezipoteza ni yule anayeformata. Fundi mwenye heshima anasafisha mashini kwanza kwa Defender, kisha anafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri na kuandika hivi, kama flashi imeonekana kwa herufi E:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Dosye zinatokea. Halafu anafuta mishale. Ni kazi ya dakika chache, na anayeifanya anastahili kulipwa, hata vizuri. Anayestahili lawama ni yule anayejua amri hii na bado anaformata, juu kuformata ni haraka na kunaleta mteja tena kesho.

Wenye sekretariati nao hawawezi kunawa mikono. Mashini inayopokea flashi za mji mzima bila kuzipima ni kama kisima kisichofunikwa. Mteja ana haki ya kusema: pima flashi yangu mbele ya macho yangu, kabla ya kuchapa na baada ya kuchapa. Ao atume karatasi kwa simu, kama mega ziko.

Kuna wanaokimbilia antivirusi zingine za bure. Si zote mbaya, lakini bure hiyo inalipwa kwa njia nyingine. Avast, ambayo watu wengi wanaijua, ilikuwa na kampuni ndogo, Jumpshot, iliyouza habari za kurasa ambazo wateja walitembelea kwenye intaneti. Ilifungwa mwaka 2020, na mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani ilitoza Avast dola milioni 16,5. Kwa mtu aliyekimbia na asiyetaka kila mtu ajue yuko wapi na anasoma nini, hiyo si habari ndogo.

Shida ya kweli, na hapa mafundi wako na haki kabisa, ni mega. Antivirusi yoyote isiyosasishwa, kile tunachoita mizajuri, ni bure. Na mashini yenyewe isiposasishwa, antivirusi peke yake haitoshi. Mwezi wa tano mwaka 2017, virusi vya WannaCry vilifunga mashini zaidi ya laki mbili duniani na kuomba pesa. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu lile miezi miwili kabla. Lakini nani anayelala kambini Kigonze atanunua mega za mashini wakati mega za kumpigia ndugu aliyebaki kijijini hazitoshi?

Lakini orodha ya virusi ya Defender inapatikana pia kama faili moja kwenye ukurasa wa Microsoft. Mtu mmoja anaichota, anaiweka kwenye flashi safi, na mashini kumi za jirani zinaipokea bila mega hata moja. Parokia, shule, ofisi za mashirika zenye intaneti usiku na mchana zinaweza kufanya hivyo kila wiki. Mashirika yanayoandikisha wahamaji kwa tableti yanajua thamani ya habari zao wenyewe. Flashi ya mhamaji haijaulizwa bado.

Mashini za Windows 10 hazipati tena matengenezo ya kawaida tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, ingawa Microsoft imeahidi kuendelea kuilisha Defender hadi 2028. Za Windows 7 ziliachwa tangu mwezi wa kwanza 2020, na huko hakuna antivirusi ya kuziokoa; fundi anayejua Linux ndiye wa kutafutwa.

Kwa wengine, kazi ya leo ni kuandika "Sécurité Windows" penye kutafutia, kufungua, na kutazama kama Defender inawaka na tarehe yake ya mwisho ni ipi. Kisha karatasi za familia zinakiliwa kwenye flashi ya pili, ile ambayo haitaingia sekretariati yoyote.