Taa za kanisani Kakamega na wapagazi wa Rabai wasio na majina

Wiki mbili zilizopita nilikaa kanisani kwa zaidi ya saa nzima, mimi Mwislamu wa Mji wa Kale, nikitazama msitu ukiota ukutani. Sikwenda kusali wala sikwenda kubishana na mtu. Nilikuwa nimewatembelea wakwe zangu Mumias, na shemeji yangu akaniambia kwamba vijana wa kanisa moja kongwe upande wa Kakamega wameandaa onyesho la taa kuchangisha pesa za paa. Kiingilio shilingi 200, watoto bure. Tukaenda.

Nitaeleza kwa ufupi nilichokiona, kisha nitasema kwa nini jambo la Kakamega linatuhusu sisi wa Pwani. Naamini linatuhusu, tena sana.

Kanisa lilizimwa taa zote. Projekta mbili za kuazima zilikuwa zimewekwa juu ya meza, moja ikielekea ukuta wa madhabahu na nyingine ikielekea dari. Kwanza ngoma zikalia kwa mbali. Kisha miti ya msitu wa Kakamega ikaanza kupanda kutoka sakafuni, ikafika darini, majani yakafunga paa lile bovu hata usingejua lina mashimo. Vipepeo wakapita juu ya vichwa vyetu. Mtoto aliyekaa mbele yangu akanyoosha mkono kumshika mmoja. Watu wazima nao walikuwa vinywa wazi, na nikiri kwamba mimi nilikuwa mmoja wao.

Baada ya msitu ikaja hadithi: injili ilivyofika. Mzungu wa kofia ngumu na kitabu mkononi akatembea ukutani kutoka mashariki kwenda magharibi. Uso wake ulichorwa vizuri, ndevu na macho. Nyuma yake ulifuata msafara mrefu wa watu waliobeba mizigo kichwani. Hao hawakuwa na nyuso. Walikuwa vivuli vyeusi vinavyotembea, vikapita mmoja mmoja, vikaisha.

Nikamwinamia shemeji. "Shemeji, wale waliobeba mizigo ni kina nani?"

Akanijibu bila kugeuka, "Wale ni watu wenu."

Hapo ndipo onyesho liliponishika.

Kwa wasiowahi kuona mambo haya, maonyesho ya namna hii yamekuwa biashara kubwa duniani. Picha za mwanga hurushwa kwenye kuta, nguzo na dari za jengo, sauti ikatoka kila upande, na mtazamaji hujikuta yuko ndani ya picha. Mjini Montreal, Kanada, kanisa kuu la Notre-Dame limekuwa na onyesho liitwalo Aura tangu 2017, lililotengenezwa na kampuni ya Moment Factory, na watu hukata tiketi kuliona. Uingereza kuna kundi la wasanii liitwalo Luxmuralis linalozunguka kutoka kanisa kuu moja hadi jingine. Mzizi wenyewe ni wa Ufaransa: mwaka 1952 kasri la Chambord lilimulikwa usiku na historia yake ikasimuliwa kwa sauti na taa, na tangu hapo mtindo ukaenea.

Nasi hapa Mombasa si wageni wa jambo hili. Wenye umri wangu wanakumbuka Fort Jesus ilivyokuwa na onyesho lake la sauti na taa, ambapo watalii walipokewa usiku na walinzi wenye mienge, wakasimuliwa habari za Wareno na Waarabu, kisha wakaandaliwa chakula. Ngome ile ilianza kujengwa 1593, ikazingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, Waingereza wakaigeuza jela, na tangu 2011 iko katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Ni hadithi nzito. Lakini jiulize: katika hadithi hiyo ya wafalme na manahodha, sisi tunaokaa umbali wa jiwe la kutupa tulikuwa wapi? Tulikuwa nje ya ukuta, tukisikia mizinga ya spika.

Turudi Kakamega. Kwa nini shemeji alisema wale ni watu wetu?

Mumias, mji wa wakwe zangu, uko katika Kaunti ya Kakamega. Zamani wasafiri waliuita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Ulikuwa kituo cha misafara iliyotoka Pwani kwenda Uganda. Waswahili walipita hapo, wakapumzika, wakafanya biashara, na wengine wakabaki wakaoa. Uislamu ulifika huko kwa njia hiyo, na mpaka leo ukipita Mumias utasikia adhana. Ndiyo maana nina wakwe huko na sikuhisi ugeni.

Mwezi Julai 1885, Askofu James Hannington aliondoka Rabai na wapagazi wapatao 200 akielekea Buganda. Walivuka nchi kavu ya Wataita, Wakamba na Wamasai, wakafika Kwa Sundu mwezi Oktoba. Hapo askofu akachagua watu 50 hivi wa kuendelea naye, wengine akawaacha kituoni chini ya Mchungaji William Jones. Wale walioendelea walikamatwa Busoga. Tarehe 29 Oktoba 1885 askofu akauawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wapagazi wote aliokuwa nao wakauawa pamoja naye. Walionusurika ni wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Huyu William Jones hastahili kupitwa haraka. Alikuwa Mwafrika aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa baharini, akalelewa India, kisha akaletwa Rabai kufanya kazi ya misheni. Alitawazwa ushemasi mwaka huo huo wa 1885. Habari za mauaji zilipomfikia Kwa Sundu, ni yeye aliyewakusanya wapagazi waliobaki na kuwarudisha kwa miguu mpaka Rabai, wakafika mwanzoni mwa 1886. Mbele yao walibeba bendera ya buluu iliyoandikwa "Ichabod", neno la Biblia lenye maana kwamba utukufu umeondoka. Hebu wafikirie wake na mama zao pale Rabai na Frere Town, wakihesabu wanaoingia na kuona safu ni fupi.

Askofu alikumbukwa. Mifupa yake ilizikwa kwa heshima Namirembe, Kampala, mwaka 1892. Hapa Mombasa, kanisa kuu la Kianglikana lililo barabara ya Nkrumah, lile lenye kuba linalowafanya wageni wadhani ni msikiti, lilijengwa kuwa kumbukumbu yake na ya wenzake, likawekwa wakfu 1905. Wapagazi waliokufa siku ile ile hawana kuba. Na juzi Kakamega, miaka 140 baadaye, vijana wema wenye projekta za kuazima waliwachora tena kama vivuli.

Baada ya onyesho nilimtafuta aliyeandika hadithi. Nilikuta ni binti wa chuo, mwenye adabu sana. Nilimpongeza kwanza, kwa sababu alistahili. Kisha nikamuuliza kuhusu nyuso. Hakuudhika. Aliniambia, "Baba, uso wa askofu nimeupata kwenye kitabu. Hao wengine ningewatoa wapi? Nipe majina, mwaka ujao nitayaandika ukutani."

Nilikuwa na jina moja tu, la Jones. Na huyo ndiye aliyesalimika.

Sasa, ndugu wasomaji, kuna watakaosema kwamba nyumba ya ibada si ukumbi wa sinema, na mjadala uishie hapo. Naiheshimu hoja hiyo. Hata pale Kakamega mzee mmoja wa kanisa alikaa nje muda wote, kwa kuwa hakukubali ngoma za isukuti zipigwe mbele ya madhabahu. Wengine walimjibu kwamba isukuti ya Waisukha na Waidakho imetambuliwa na UNESCO tangu 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka usipotee, na kama kanisa halitaipa nafasi, nani ataipa? Sikuwa na haki ya kuwaamulia. Lakini niliona jambo moja: walibishana wenyewe, kwenye baraza lao, kabla ya tiketi ya kwanza kuuzwa. Ulaya makanisa mengi makongwe hukumbatia taa kwa sababu viti ni vitupu na gharama za jengo haziishi. Kakamega viti vimejaa kila Jumapili. Kwa hiyo waumini wapo, wana sauti, na lazima waulizwe.

Mahali pasipo na waumini ndipo ninapopaogopea, na sisi tunapo mahali hapo: Gede. Mji ule wa magofu uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwezi Julai 2024. Una msikiti mkuu wenye kibla, una visima, una makaburi. Hakuna jamaa wa msikiti anayekaa kwenye baraza kukubali au kukataa. Siku moja mwekezaji atakuja na mitambo yake, na naona siku hiyo haiko mbali, aseme anataka kuumulika Gede usiku. Nani atamuuliza hadithi imeandikwa na nani? Nani atamwambia kwamba kibla si pazia la sinema?

Kisheria, kazi zimegawanywa. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti shughuli za utamaduni, makumbusho na utalii wa ndani, lakini maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yamebaki kwa serikali kuu. Mgawanyo huo una faida zake. Hatari yake ni kwamba jambo linaweza kuanguka katikati, kila upande ukidhani mwenzake ndiye aliyewauliza wananchi.

Mimi sipingi taa. Nimeona zilivyofanya Kakamega: kwa usiku mmoja watoto walikaa kimya wakijifunza historia yao, na paa litapata mabati. Tena mwanga una heshima moja ambayo misumari haina. Ukitumiwa vizuri haugusi ukuta. Majengo yetu ya mawe ya matumbawe na chokaa hayapendi kutobolewa, na yeyote atakayeleta mitambo yake Rabai, Gede au Mji wa Kale aweke vifaa vyake chini, juu ya miguu yake mwenyewe, na nyaya zisipigiliwe ukutani. Hilo ni jepesi kulisimamia kama mkataba umeandikwa kabla.

Pesa nazo zizungumzwe mapema. Pale Kakamega kila mtu alijua shilingi 200 yake inakwenda wapi, angeweza kuinua macho akaliona paa. Onyesho likifanywa Pwani kwa tiketi ya mtalii, mkazi naye aonyeshwe paa lake: fungu la wasimulizi, fungu la ukarabati, na usiku wa wenyeji kwa bei ya wenyeji. Na simulizi iwe kwa Kiswahili kwanza, lugha nyingine zifuate. Haiwezekani hadithi ya Waswahili isimuliwe Uswahilini kwa lugha ya mgeni, mwenyeji akae akisubiri kutafsiriwa.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya hadithi yenyewe. Projekta hununuliwa kwa siku moja. Majina hayanunuliwi. Nasi tumekuwa hodari wa kulalamika kwamba historia yetu imeandikwa na wengine, ilhali yule binti alinitaka majina nikawa sina. Nilijiona mdogo. Yeye alikuwa amefanya kazi yake kwa alichokuwa nacho. Mimi niliyezaliwa mwendo wa nusu saa kutoka Rabai nilikuwa nimekwenda mikono mitupu.

Tangu nirudi nimeanza kuuliza. Rabai kuna kanisa na makumbusho, na Frere Town kuna kanisa na ile kengele iliyolipa jina eneo la Kengeleni. Ukoo mwingi wa watumwa walioachiwa huru bado uko hapo, na wazee bado wana simulizi za babu aliyekwenda bara na askofu asirudi. Baadhi ya majina huenda yako katika vitabu vya ubatizo na vya mishahara, mengine yako vichwani mwa watu wenye umri wa miaka 80. Vitabu vitangoja kidogo. Vichwa havitangoja.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kama kwenu kuna mzee aliyewahi kutaja jina la mtu aliyebeba mzigo kwenda Kwa Sundu, awe Mwislamu au Mkristo, Mrabai, Mgiriama, Mswahili au mtoto wa Frere Town, liandikeni. Liandikeni hata kwenye daftari la shule, na jina la aliyesimulia, na tarehe. Shemeji yangu ameahidi kuuliza upande wa Mumias habari za wale waliobaki wakaoa.

Yule binti nimempa ahadi kwamba nitarudi kabla ya onyesho la mwakani. Mpaka leo nina majina mawili, na la pili bado nalihakikisha.