Kuondolewa katika kundi: je, ni kunyimwa haki ya kusema?

Malalamiko haya yanasikika mara nyingi katika makanisa yetu: "Wameniondoa katika kundi la WhatsApp, wamevunja haki yangu ya katiba." Tuyapime.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 23, inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni yake, mradi aheshimu sheria, utulivu wa umma na maadili mema. Haki hiyo kwanza inaizuia serikali. Serikali ilipokata intaneti tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, na kuiacha imekatika karibu wiki 3, ilifunga midomo ya nchi nzima. Lakini kifungu hicho hakimlazimishi mwenye nyumba kumpokea kila msemaji, wala kanisa kumpa kila mtu mimbara. Paulo alihubiri katika sinagogi la Efeso miezi 3. Upinzani ulipozidi, hakung'ang'ania pale. Aliwachukua wanafunzi, akafundisha katika shule ya Tirano miaka 2 (Matendo 19:8-10).

Je, mwenye mahali akimiliki mji mzima? Huko Marekani, Chickasaw katika jimbo la Alabama ulikuwa mji wa kampuni ya kutengeneza meli. Grace Marsh, Shahidi wa Yehova, alikamatwa kwa kugawa maandishi ya dini barabarani. Mwaka 1946 Mahakama Kuu ilimpa haki: kampuni iliyofungua barabara zake kwa watu wote haiwezi kuzitawala kama ua wa nyumbani. Hatushiriki mafundisho yake, lakini uamuzi ule ulilinda wahubiri wote.

Facebook na TikTok nazo ni mali ya kampuni, na zina ruhusa ya kuweka kanuni. Hata hivyo, vijana wetu wengi hukutana humo kuliko sokoni. Basi tuna haki ya kuzidai zieleze kwa nini zimefuta ujumbe, zisikilize rufaa, na ziwe na wasimamizi wanaoelewa lugha zetu. Huku Mashariki, neno moja la chuki juu ya kabila linaweza kumwaga damu kabla halijafutwa.

Sheria ya numeriki ya mwaka 2023, kifungu cha 360, inamwadhibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu, na pia anayeisambaza: hadi miezi 6 gerezani. Sheria hiyo imetumiwa hata dhidi ya waandishi wa habari, kwa hiyo ni lazima tuiangalie kwa makini. Lakini "nimetumiwa tu, nami nikatuma" si udhuru mbele ya hakimu, wala mbele ya Mungu.

Viongozi wa makundi ya kanisa, ninyi ni wenye nyumba. Andikeni kanuni, zijulikane na wote. Mkosaji aonywe kwanza faraghani, kama Mathayo 18 inavyofundisha. Kumwondoa anayetukana kabila la jirani ni kulinda kundi. Kumwondoa mama anayeuliza sadaka ya ujenzi imefika wapi ni kuficha jambo. Huyo anastahili jibu, pamoja na hesabu iliyoandikwa.