Waongozaji wa Longonot Wapewe Beji

Mkurugenzi Mkuu,
Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS,
Lang'ata Road, Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka mtaa wa Jamhuri, kando ya Ngong Road, kuhusu Mlima Longonot na vijana wanaosimama nje ya lango lake asubuhi za wikendi wakingoja mgeni wa kuwaambia, "Haya, twende." Ombi langu ni kwamba waandikishwe, wafundishwe, wapewe beji, na malipo yao yabandikwe langoni, ili Mkenya yeyote, hata aliyekuja peke yake, ampate mwongozaji bila kubahatisha.

Huenda ukajiuliza mkazi wa Jamhuri ana lipi na volkano. Vilima vya Ngong tunavyovitazama jua likizama ni mabaki ya volkano kuukuu ambayo upande wake wa magharibi ulididimia Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka. Sehemu kubwa ya jiji hili imekaa juu ya lava iliyopoa. Tumezaliwa na kulelewa juu ya kazi ya moto, ila tumeizoea hata hatuioni.

Siku hizi lakini watu wa mitaa hii hawaishii kutazama vilima dirishani. Fungua simu ya kijana yeyote wa Jamhuri, Woodley au Kilimani, utakuta kundi la WhatsApp la kupanda milima. Tangazo ni lile lile: picha ya kreta, nambari ya M-Pesa, na mahali pa kukutana katikati ya jiji saa kumi na moja alfajiri. Gari linateremka bondeni kwa barabara ya chini, linalipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, linaiacha Mai Mahiu nyuma, na kabla jua halijakaza watu wako langoni wanafunga kamba za viatu. Nayapenda makundi haya. Yamewatoa watu kwenye makochi, na kwa mwanafunzi mwenye hela chache hakuna njia nyingine ya kufika.

Ila kundi la watu arobaini huwa na mratibu tu. Mratibu anajua kukusanya nauli na kuhesabu vichwa. Mlima wenyewe pengine aliupanda mara ya kwanza mwaka jana, naye akifuata visogo vya wengine. Katika safari moja ya namna hiyo, jirani yangu, mwalimu mstaafu anayetembea vizuri kuliko wengi wetu, aliteguka kifundo cha mguu upande wa pili wa kreta, baada ya kilele. Mratibu wetu alikuwa ametangulia na wenye mbio. Hakuna aliyejua kama ni afadhali kurudi tulikotoka au kuendelea na mzunguko. Tuliendelea, kwa sababu tu wengine walikuwa wameelekea huko. Mwalimu alishuka akiwa ameshikwa makwapa na vijana wawili asiowajua, na gari lilikuwa linapiga honi.

Ukingo ule unaujua, Bwana Mkurugenzi, lakini niuelezee kwa ajili ya msomaji ambaye hajafika. Kutoka langoni hadi mdomo wa kreta ni kilomita 3.1, na hapo wengi hudhani kazi imekwisha. Kuuzunguka mdomo ni kilomita 7.2 nyingine, kwa kupanda na kushuka, na Kilele, chenye mita 2,776, kiko ng'ambo ya pale unapotokezea. Njia imechimbwa na mvua ndani ya majivu ya volkano na yale mawe mepesi yenye matundu tunayosugulia visigino, na mahali pengine imekuwa handaki. Kiangazi ni vumbi linaloteleza chini ya soli. Masika yakifika, vumbi lile lile hugeuka utelezi. Maji hakuna, kivuli ni cha kuvizia. Mskoti Joseph Thomson, aliyefika huko mwaka 1883 na msafara wake kutoka pwani, aliandika kwamba aliposimama ukingoni alishikwa na hamu ya ajabu ya kujirusha ndani. Nimewaona watu wazima wakikaa chini ghafla mahali pale na kushika nyasi. Hao nao wanahitaji mtu wa kuwaambia watazame wapi na waweke mguu wapi.

Baada ya safari ya mwalimu niliamua kwenda kivyangu, na nje ya lango nikapatana na kijana mmoja wa pale pale. Siku ile ndiyo iliyonifanya nikuandikie. Kabla hatujapiga hatua alinitazama chupa, akanituma nikanunue maji zaidi. Alitembea taratibu mno mwanzoni, hata nikaona ananidharau, mpaka tulipowapita njiani wale waliotuacha langoni, wamejitupa chini ya mti wanahema. Alinionyesha ukutani mwa kreta mahali ambapo mvuke huonekana asubuhi kukiwa bado na baridi. Alijua nyati hupenda kupita wapi, na kwa nini hatupaswi kukata kona kwenye vichaka vya leleshwa. Tulipofika mahali pembamba alipita upande wa bonde bila kusema neno, mimi nikabaki upande salama. Zaidi ya yote, alijua kunyamaza. Kwenye kundi la arobaini kuna spika ya muziki. Siku ile nilisikia upepo ukipanda kutoka ndani ya kreta, na chini kabisa ndege wa ule msitu uliofungiwa na kuta pande zote.

Nilipomuuliza mlima ulilipuka lini mara ya mwisho, alinijibu kwamba wazee wa Kimaasai walikuwa na habari zake. Hakukosea: wanajiolojia nao wanakadiria miaka ya 1860, na sehemu ya ushahidi wao ni masimulizi hayo. Lakini hakuwa amewahi kusikia kwamba vipimo vya satelaiti vilionyesha Longonot ukiinuka kama sentimita 9 kati ya 2004 na 2006, ilhali mlimani hapakuonekana dalili yoyote kwa macho. Nilipomwambia alisimama, akaukanyaga udongo kwa kisigino, akacheka. "Kwa hivyo unapumua," alisema. Habari hiyo imekaa kwenye majarida ya wasomi kwa miaka mingi na haijamfikia mtu anayeishi chini ya mlima na kuwasimulia wageni. Mafunzo ya siku chache yangeliziba pengo hilo, na shirika lako lina wataalamu wa kuyatoa.

Jioni nilimlipa kwa simu kiasi tulichopatana. Sijui kama nilimpunja au nilimzidishia. Naye hajui. Kesho yake pengine alilipwa nusu ya hapo, au alirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu mgeni alimtilia shaka. Na shaka hiyo siilaumu. Dada yangu hawezi kupanda mlima na mwanamume asiyemfahamu, asiye na jina kifuani wala ofisi inayomjua, hata akiwa mwema kama malaika. Matokeo yake, anayetaka kupanda bila kundi hujikuta ana njia mbili. Alipe kampuni ya jijini bei iliyopangwa kwa kumfikiria mtalii wa ng'ambo, au apatane na mtu asiyemjua barabarani.

Utaniambia kuna askari wa shirika wanaoweza kuwasindikiza wageni. Kweli, nao nawaheshimu. Lakini askari ameajiriwa kulinda wanyama na watu kwa bunduki. Wikendi ikijaa hawezi kugawanyika, na haifai kumtoa doria ili anishike mkono mimi. Kumwongoza mtu mlimani ni ufundi wa pekee, na nchi hii inautambua. Tangu 1996 tuna chama cha waongoza watalii wa kitaaluma, chenye mitihani ya shaba, fedha na dhahabu. Wengi waliopita ngazi hizo ni wa magari ya safari, wa simba na ndovu. Kijana wa Longonot anayejua mguu uwekwe wapi hana gari, na mara nyingi hana hata nauli ya kuufuata mtihani. Mtihani umfuate yeye langoni.

Majirani zetu wamelitatua hili kwa njia zao. Kilimanjaro, tangu 1991, hakuna anayepanda bila mwongozaji mwenye leseni, na huko kazi hiyo ina heshima ya vizazi. Hadi leo Marangu wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo, Mchaga anayesimuliwa kuwa ndiye aliyemwongoza Hans Meyer mwaka 1889. Ol Doinyo Lengai, watu huondoka usiku wa manane na Mmaasai mbele, wafike juu kukipambazuka kabla jua halijawageuza mkaa. Hapa kwetu Suswa, ambako hifadhi iko mikononi mwa jamii yenyewe, vijana wa hapo ndio wanaokuingiza kwenye mapango ya lava, kwa sababu bila wao huenda hata mlango wa pango usiuone.

Siombi sheria ya Kilimanjaro iletwe Longonot. Ukisema kila mtu lazima awe na mwongozaji, umemfungia lango yule mwanafunzi wa hela chache, na wajanja watageuza ulazima huo kuwa kitega uchumi chao. Longonot ni mlima wa siku moja, na anayeujua aachwe auzunguke mwenyewe. Mwongozaji awepo tu, ajulikane, na bei yake isomeke.

Kuna jambo zito zaidi, na siwezi kulipita. Septemba 2019, katika korongo la Hell's Gate, jirani kabisa na Longonot, mafuriko ya ghafla yaliwasomba watu saba. Mwongozaji wa eneo hilo alikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo anayenijibu kwamba mwongozaji si hirizi ananijibu sawa. Mvua ilinyesha juu, mbali na macho yao, na maji yakawakuta ndani ya kuta za mawe. Korongo lilifungwa baada ya msiba. Mimi najiuliza yule kijana wa Hell's Gate alikuwa na nini mkononi asubuhi ile. Kama angekuwa na redio inayosikia lango, na lango linasikia hali ya hewa, na juu ya hayo ana mamlaka yaliyoandikwa ya kuwaambia wateja wake "leo hatuingii" bila kupoteza malipo ya siku, mambo yangekuwaje?

Hilo la mwisho ndilo gumu. Kijana aliyengoja mteja tangu alfajiri hana ubavu wa kumkatalia mtu aliyetoka Nairobi na familia yake. Akikataa, mwenzake atakubali. Beji ya shirika lako ingempa ubavu huo. Kanuni ingesema neno la mwongozaji ndilo la mwisho mvua ikitanda, na kwamba nusu ya ada ni yake hata mkirudi njiani. Longonot haina korongo kama lile, lakini ina ukingo ulio wazi kwa radi, ina mahandaki ya njiani yanayogeuka mifereji, na ina moto: Machi 2009 nyasi na vichaka vya mlima huu viliwaka. Siku kama hizo anayejua njia ya kushukia haraka ana thamani kuliko bango.

Mimi nakaa kati ya ofisi mbili zinazohusika. Upande mmoja yapo makao makuu yako, Lang'ata Road. Upande mwingine, pale Dagoretti Corner, iko Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, mwendo wa matatu mfupi. Ujumbe mfupi wa simu kila alfajiri kutoka Dagoretti Corner hadi lango la Longonot, na kutoka langoni hadi kwa waongozaji walioandikishwa, hauhitaji mfadhili wala warsha ya siku tatu hotelini Naivasha.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Ada ya kuingia tunailipa kupitia eCitizen. Ongezeni hapo kisanduku kimoja: "Nahitaji mwongozaji." Mteja alipe kiasi kilichotangazwa, kijana apokee sehemu yake kwenye simu jioni ile ile, zamu zifuate orodha ili asiyejua kusukumana naye apate. Wasichana wa Longonot na Mai Mahiu waandikwe kwenye orodha hiyo kwa makusudi, kwani najua wanawake wengi mtaani kwangu ambao wangepanda kesho kama wangeongozwa na mwanamke. Wafunzwe huduma ya kwanza kabla ya jambo lingine lolote. Mwalimu wangu angefungwa kifundo vizuri kule juu, asingetembea na fimbo miezi ile yote.

Mwalimu huyo anataka kurudi. Amenipa sharti: safari hii twende wawili tu, na tuwe na mtu anayeujua mlima, si mratibu mwenye filimbi. Tunafikiria Januari au Februari, kabla ya masika. Tafadhali nijulishe ni afisa gani ofisini mwako anayeshughulikia waongozaji wa Longonot. Nakala ya barua hii nitamletea mwenyewe, na Mwalimu ameomba aje nayo, kwa sababu ana maswali yake kuhusu ile njia upande wa pili wa Kilele.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Jamhuri, Nairobi