Mkojo Mwekundu Si Ushujaa

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mpenzi msomaji, sisi wa Taru kitulacho kimo lamboni.

Nianze kwa kujisuta mwenyewe. Nilipokuwa darasa la sita, wavulana tulikuwa na mchezo wa kushindana kukojoa nyuma ya ua wa shule. Aliyemalizia kwa matone ya damu aliitwa mwanamume kamili. Nami nilikuwa mwanamume kamili, tena kichwa kilinivimba! Mama hakuambiwa, mwalimu hakuambiwa. Muhula huo huo, katika mtihani wa sayansi, nilichora konokono, minyoo na mtu aliyesimama majini, nikazoa alama zote. Haikunipitikia kamwe kwamba yule mtu wa mchoroni ni mimi.

Ugonjwa wenyewe ni kichocho. Vijidudu hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya anayeingia majini, kisha hukua na kuwa minyoo katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Jike hutaga mayai yenye mwiba. Mengine huchana njia na kutoka na mkojo, ndiyo ile damu tuliyoishangilia. Mengine hunasa katika ukuta wa kibofu na katika mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, yakaacha makovu. Mrija ukibana, mkojo hurudi juu, nayo figo hufura polepole, bila kelele. Hapo utani umekwisha, jamani.

Ushahidi wa haya haukutoka mbali. Daktari Charles King wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve, Marekani, pamoja na watafiti Wakenya kama John Ouma, walifanya kazi Msambweni, Kwale yetu hii hii, katika miaka ya 1980. Mwaka 1988 walichapisha matokeo kuhusu madhara ya kichocho katika njia ya mkojo, wakionyesha yanavyohusiana na umri wa mtu na uzito wa maambukizi. Mwaka 2006 King na wenzake wakatoa habari za miaka tisa ya kuwatibu wanafunzi. Wapo watoto waliotibiwa wakaambukizwa tena, na kijiji alichoishi mtoto kilikuwa na sehemu yake katika hatari hiyo.

Basi hoja yangu ni hii. Kazi hiyo ilitokana na mkojo wa watoto wa Kwale, lakini ilichapishwa kwa Kiingereza katika jarida la Marekani. Nyanya yangu, anayeteka maji lamboni kila alfajiri, ataisoma wapi? Siwalaumu madaktari, wao waliwaandikia madaktari wenzao. Nawalaumu waliosoma wa hapa kwetu, na mimi nimo. Kuna watakaosema ati sayansi haisemeki kwa Kiswahili. La hasha! Nimekwisha kutaja kibofu, mirija, makovu na figo, na sijakwama popote.

Wengine watauliza, si vidonge vya prazikwanteli hugawiwa shuleni? Naam, na ni dawa nzuri, huua minyoo iliyomo mwilini. Lakini haimkingi mtu asiambukizwe kesho. Siku tuliyopimwa urefu kwa kijiti na kumeza vidonge, jioni yake tulikuwa lamboni tukipiga mbizi. Hakuna aliyetueleza, nasi hatukuuliza.

Tena tunajidanganya kwamba Taru ni nyika, jua litatumalizia konokono. Wapi! Aina ya konokono anayebeba kichocho katika madimbwi ya pwani huweza kujifukia topeni lambo likikauka, akangoja mvua. Bomba la maji ya Mzima nalo limekuwa likikata nyika hii kwenda Mombasa tangu miaka ya 1950, na bado ng'ombe na watoto wanagawana dimbwi moja. Kudai mfereji ni kazi ya wazee wetu na viongozi. Kuandika ni kazi yetu.

Naomba Chama cha Kiswahili kitenge mkutano mmoja muhula ujao tuandike ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili na Kiduruma, ubandikwe zahanati na kwenye mti ulio kando ya lambo. Nimeanza rasimu. Nimekwama kwenye jina la Kiduruma la yule konokono mdogo wa majini. Anayelijua anione darasani, Kidato cha Tatu, kabla ya kufunga shule.